Starlet ya Turbo Barabara ya Bwera: Spea Ipi Itadumu?

Starlet GT Turbo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Glanza V iliyoifuata kuanzia 1996 hadi 1999, zilitoka kiwandani na injini ndogo ya 4E-FTE. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1331, nguvu zake farasi 135, na gari lenyewe halifiki tani moja. Turbo iliyofanya kazi hiyo ni CT9, kifaa kidogo kinachoenea kwenye viganja viwili, kilichotengenezwa na Toyota yenyewe. Wahandisi walikichagua kidogo kwa makusudi, na anayejenga injini ya namna hii Kasese au Bwera, magharibi mwa Uganda, ana sababu kubwa zaidi ya kufuata uamuzi huo kuliko dereva wa Tokyo.

Tatizo ni kupatikana kwake. Mwaka 2018 Uganda ilirekebisha sheria ya usalama barabarani na kupiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Glanza ya mwisho ni ya 1999, kwa hiyo mlango huo umefungwa. Gari lililopo nchini ndilo hilohilo, na turbo yake ikifa mwenye gari anabaki na njia tatu. Ya kwanza ni kuifanyia CT9 ya zamani matengenezo ya ndani. Ya pili ni kuchukua TD04L ya Mitsubishi kutoka Subaru Forester au Impreza iliyochinjwa, ambazo hazikosi kwenye soko la spea la Kisekka, Kampala. Ya tatu ni kununua turbo mpya inayong'aa, ndani ya boksi lisilo na jina la kiwanda, ama kutoka Kampala, ama kutoka kwa wafanyabiashara wa Butembo, Kongo, ambao mizigo yao hutoka Dubai na China. Pale Mpondwe, mpakani na Kongo, hiyo ya tatu ndiyo unayoshawishiwa kwanza, kwa sababu ni mpya na bei yake inavutia.

Kabla ya kuchagua, tuangalie kazi ambayo turbo itafanya hapa kwetu. Mji wa Kasese uko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, karibu mita 950 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho mgandamizo wa hewa ni kama bar 0.90, wakati Mombasa ni zaidi kidogo ya bar 1. Geji ya busti haioni tofauti hiyo, kwa sababu inapima ziada tu juu ya hewa inayotuzunguka. Ikisoma bar 0.65, ambacho ndicho kiwango cha juu cha kiwandani kwa Starlet hii, kule pwani kompresa inakuwa imeizidisha hewa mara 1.64. Kasese, kwa geji ileile, imeizidisha mara 1.72. Ukipanda hadi Fort Portal, karibu mita 1500, inafika mara 1.77. Fundi anayetaka kurudisha nguvu zilizopotea kwa ajili ya kimo atalazimika kuipeleka hadi mara 1.85 akiwa bado Kasese. Turbo inazunguka kasi zaidi kwa matokeo yaleyale, na hakuna taa yoyote kwenye dashibodi itakayomwambia.

Joto nalo linapanda pamoja na kasi. Tuchukue mchana wa nyuzi 30, ambao Kasese ni mchana wa kawaida, na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 68. Kwa mara 1.72 hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 104 hivi. Kwa mara 1.85 inakaribia 115. Hewa hiyo inaingia kwenye intakula, yaani kipozahewa, na intakula ya Starlet imelala juu ya injini, chini ya kitundu cha boneti. Gari likitembea inapata upepo. Likisimama kwenye msongamano wa siku ya soko karibu na mpaka, inachemka pamoja na injini iliyo chini yake. Injini hii iliundwa kwa petroli ya juu ya Japani, ambayo oktani yake ni karibu 100, na petroli tunayojaza huku iko chini ya hapo. Hewa ya moto pamoja na petroli ya oktani ndogo huifanya injini igonge, na injini ndogo ikigonga ikiwa na busti, pistoni haichukui muda kutoboka. Kompyuta ya kiwandani hukata mafuta busti ikizidi kiwango, kusudi ajali hiyo isitokee. Wapo wanaofunga kidude cha kuidanganya kompyuta isikate. Nawasihi waache.

Sasa hesabu ya hewa. Injini ya lita 1.3 ikizunguka mara 6400 kwa dakika kwa busti ya kiwandani, kwenye hewa ya Kasese, inavuta takribani kilo 6.4 za hewa kila dakika. Mafundi wa turbo hukadiria kwamba kilo moja ya hewa kwa dakika inalisha farasi 22 hivi, kwa hiyo tunapata farasi 140, karibu na ahadi ya kiwanda. Kazi hiyo CT9 inaiweza. TD04L ilifungwa na Subaru kwenye injini za lita 2 na kuendelea. Inaweza kusukuma hewa nyingi zaidi ya hiyo, na hapo ndipo wengi wanapotekwa. Lakini feni yake ya upande wa moto inasubiri moshi wa injini kubwa. Ukiilisha moshi wa lita 1.3, busti inachelewa kuja, na inapokuja inakuja yote kwa pamoja.

Barabara ya kwenda Bwera haipendi tabia hiyo. Kutoka Kasese hadi Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, ni tambarare, na turbo kubwa ingefurahi. Ukishakata kulia kuelekea Mpondwe, Rwenzori inakusogelea, na ukiacha lami kupanda vijiji vya juu ya Kisinga unaendesha gia ya pili, injini ikiwa kwenye mizunguko 2500 au 3000, gari limejaa watu na magunia. Pale dereva anahitaji nguvu mapema, kidogokidogo, bila kungoja. Asipoipata atakanyaga hadi mwisho, atakaa hapo muda mrefu, na moshi wa ekzosi utapanda kuelekea nyuzi 900. Kwa hiyo kwa gari la matumizi ya kila siku baina ya Kasese na Bwera, naiweka TD04L pembeni, ingawa ni turbo nzuri na imetengenezwa vizuri. Anayejenga gari la mashindano, aliyebadilisha pia nozeli, kompyuta na pistoni, ana sababu ya kuitaka, na hapo tunazungumzia injini nyingine kabisa.

Inabaki CT9 ya zamani dhidi ya ile mpya isiyo na jina. Tofauti yao imejificha katikati, kwenye sehemu yenye shafti, bushi na sili, ambayo magereji wanaiita katriji. Shafti ya turbo ndogo huzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika. Haigusani na chuma. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya bushi. Kwa kasi hiyo, tofauti ndogo sana ya uzito upande mmoja wa feni inakuwa nyundo. Ndiyo maana viwanda kama IHI, Mitsubishi, Garrett na BorgWarner hubalansi katriji nzima kwenye mashine, na ukiitazama kwa karibu utaona alama ndogo walipokwangua chuma kwenye nati au kwenye mgongo wa feni. Kwenye katriji nyingi za kuigiza alama hiyo haipo, au ipo kwa ajili ya sura tu.

Upande wa moto nao una siri yake. Feni ya turbini ya kiwanda kinachojiheshimu hutengenezwa kwa aloi ya nikeli kama Inconel, ambayo haipotezi nguvu kwenye moto mkali. Nyumba yake ni chuma cha kumimina kilichochanganywa kistahimili joto. Chuma cha kawaida kikipashwa na kupoa kila siku hupata nyufa, kwanza kwenye ukuta unaozunguka kitundu cha westigeti, kile kijilango kinachopitisha moshi pembeni busti ikitosha. Ufa ukifika kwenye kiti cha kijilango, hakifungi tena sawasawa, na dereva anadhani injini imechoka.

Ukiwa kaunta, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Isukume juu na chini: mchezo mdogo ni wa kawaida, kwa sababu oili bado haijaingia kujaza nafasi. Kisha ivute na kuisukuma kwa urefu wake. Hapo mchezo unapaswa kuwa kama unene wa karatasi, yaani karibu milimita 0.1, na kama kidole kinauhisi waziwazi, beringi ya kuzuia msukumo imekwisha. Izungushe taratibu huku ukiibana upande mmoja. Feni isiguse ukuta mahali popote. Tazama ncha za feni ya hewa kwenye mwanga. Zikiwa butu, kama zimepigwa msasa, hiyo turbo imekula vumbi. Mwisho soma kibati cha namba. Turbo za Toyota zina namba inayoanza na 17201, na TD04L za Subaru zina namba ya Mitsubishi inayoanza na 49377. Kibati kilichong'olewa ni sababu tosha ya kuirudisha turbo mezani.

Kwa maoni yangu CT9 ya zamani yenye nyumba nzima isiyo na nyufa, ikifungwa katriji mpya ya kiwanda kinachojulikana, inaishinda turbo mpya isiyo na jina hata kama gharama zinalingana. Nyumba ya Toyota imeshathibitika kwa miaka 25 na zaidi ya moto. Kinachochakaa ni kilicho ndani, nacho ndicho unachokibadilisha.

Bado kazi haijaisha, kwa sababu turbo nyingi huuawa na vitu vilivyo nje yake. Aliyefunga turbo ya pili bila kuuliza ya kwanza ilikufa na nini atazika ya tatu. Mpira wa kuleta oili ubadilishwe, usisafishwe tu, kwa kuwa ndani yake kuna masizi ya oili iliyoungua, na yakibanduka yanaziba tundu dogo la katriji. Bomba la kurudisha oili lishuke moja kwa moja hadi kwenye sampu bila kona, maana oili hiyo haisukumwi na pampu, inaanguka kwa uzito wake. Ikikwama itapita kwenye sili na utaona moshi wa bluu, halafu atalaumiwa muuzaji asiye na kosa. Intakula ioshwe, kwa sababu ile turbo iliyokufa imeacha oili na vipande vya chuma humo. Na kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, zima umeme wa plagi na nozeli, uzungushe injini kwa stata mpaka taa ya oili izime. Sekunde chache za kuzunguka pakavu zinatosha kuumiza bushi mpya.

Vumbi nalo si jambo dogo kwetu. Kati ya malori ya saruji ya Hima na njia za murram za milimani, filta ya hewa yenye kitambaa chembamba ni hasara. Funga filta ya karatasi ndani ya boksi lake la kiwandani na hakikisha mpira wake unaziba pande zote. Kama kuna fedha iliyobaki, intakula ya mbele, nyuma ya grili, ni matumizi bora kuliko kuongeza busti, kwa sababu inapata upepo hata gari likienda polepole.

Toyota yenyewe ilishatoa ushahidi jirani na hapa. Björn Waldegård alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1984 kwa Celica Twin-Cam Turbo, Juha Kankkunen akashinda nayo 1985, na Waldegård tena 1986. Celica hiyo ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, katika miaka ambayo Audi na Peugeot walileta magari ya turbo yanayotumia magurudumu manne. Kwenye vumbi, joto na kimo cha Afrika Mashariki, iliyoshinda ni ile iliyoweza kufika.

Kwa hiyo, fundi wa Kasese au Bwera, ukipewa kazi hii anza na oili, bomba zake na filta, kisha katriji ya jina linalojulikana ndani ya nyumba ya zamani iliyo nzima, na busti uiache bar 0.65. Nenda dukani ukiwa umebeba turbo iliyokufa, linganisha namba na vipimo mbele ya muuzaji, na asiyekubali uitazame shafti kabla ya kulipa usinunue kwake.