Mstari wa nne wa mama mkubwa

Safari ya kwanza ya mama mkubwa kwenda kliniki ya rufaa mjini Arusha iliharibika alfajiri, kabla hatujatoka Maji ya Chai. Aliambiwa akapimwe sukari akiwa hajala kitu kwa muda wa saa 8. Usiku alivumilia vizuri, ila alipoamka akanywa kikombe cha chai ya rangi. "Chai nayo ni chakula, mwanangu?" Ilikuwa na vijiko viwili vya sukari. Tukapangiwa tarehe nyingine.

Ya pili ilifanikiwa, na nikiichambua naona kazi kubwa ilifanyika nyumbani, jana yake.

Siku kwanza. Jumatano na Jumamosi ni gulio la Tengeru, na daladala zinazotoka kwetu kupitia Usa River hukwama hapo katikati ya ndizi na mikokoteni. Tukachagua Jumanne. Makaratasi sitayarefusha: barua ya rufaa, kadi ya bima, kitambulisho, picha za eksirei za zamani. Dawa ndizo zilizotuchelewesha. Mama mkubwa anazijua kwa rangi, "ile nyeupe ndogo, na ile ya njano", na vidonge vyeupe vidogo duniani havina idadi. Nikatia kikapuni maboksi yenyewe, hata matupu. Nesi wa zahanati alikwisha kutuelekeza: ya presha ameze asubuhi kwa maji matupu, ya sukari asimeze hadi atolewe damu na ale. Kwa hiyo kikapuni kulikuwa na maandazi mawili pia, yamefungwa mbali na pua yake.

Kisha tukaandika. Daktari wa kliniki ana dakika chache, na wazee wetu huzimaliza kwenye salamu na habari za mvua. Nilichana karatasi ya daftari, yeye akasema, mimi nikaandika mistari minne: magoti na mgongo vimeanza kuuma lini, vinazidi wakati gani, na dawa gani za maumivu amekwisha kumeza kwa muda gani. Wa nne niliuongeza mwenyewe, naye akaona ni upuuzi: maji ya kunywa tangu kuzaliwa, mto na kisima, Maji ya Chai.

Mto wetu ulipewa jina kwa rangi yake, lakini kinachodhuru hakina rangi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia madini ya floraidi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita; Tanzania iliruhusu hadi 4 kwa miaka mingi kabla ya kushuka kwenye kiwango hicho hicho. Meno ya kahawia kila mtu anayajua. Ukicheka Dar es Salaam, watu wanajua ulikotoka. Mifupa ndiyo isiyosemwa. Floraidi hujikusanya humo miaka kwa miaka, mishipa inayounganisha mifupa ikakakamaa, mgongo ukagoma kuinama, na mgonjwa akatibiwa baridi yabisi ya kawaida.

Daktari alisoma haraka hadi mstari wa nne, akainua macho. "Bibi, makande mnatia magadi?"

Mama mkubwa akacheka. "Sasa maharage yataivaje?"

Magadi nayo hubeba floraidi. Likafuata ombi la picha ya mgongo na nyonga, na kipimo cha figo, kwa sababu zile dawa za maumivu za mwaka mzima huzichosha. Picha ilipotoka, hata mimi nisiyejua kitu niliona mifupa ilivyokuwa myeupe kupita kiasi. Kidonge cha kuiondoa floraidi hakipo. Alipunguziwa dawa za maumivu, akaambiwa abadilishe maji: ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ule unaotengenezwa kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, jirani zetu kabisa. Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi ikabaki sufuriani.

Aliyala maandazi yake kwenye benchi la nje, kimya, huku akiigeuza kadi ya kliniki. Tarehe ya kurudi ilikuwa Jumatano. Nikarudi dirishani kuomba ibadilishwe.