Mfugaji Asiyelisha

Mwenye ng'ombe hukata majani, mwenye kuku hununua pumba na dagaa, mwenye bwawa la sato humwaga chakula asubuhi na jioni. Mfugaji wa chaza hatoi kitu. Tangu chaza akiwa hajafikia hata nusu milimita hadi siku anayouzwa, muda wa miaka mitatu hivi, halishwi wala hapewi dawa. Riziki yake huletwa na maji: vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo yeye huvichuja kwa kupitisha mwilini lita kadhaa za maji ya bahari kila saa. Kwa hiyo mtu akisimama pwani ya Marennes-Oléron, magharibi mwa Ufaransa, akawaona wanaume na wanawake waliovaa mabuti ya mpira yanayofika kifuani, wameinama topeni katikati ya Januari, ana haki ya kuuliza kazi yao hasa ni ipi.

Kazi yao ni kuhamisha. Chaza akishajigandisha mahali, hapo ndipo kwake mpaka kufa. Hana miguu, hana mapezi, hawezi kukimbia joto wala kufuata chakula. Mfugaji humhamisha kutoka maji ya kuzaliwa hadi maji ya kukulia, kutoka ya kukulia hadi ya kunenepea, na kila uhamisho una msimu wake, kina chake na muda wake. Akikosea mahali, bahari ile ile iliyokuwa ikimlishia mfugo wake bure itauua. Mimi huu ndio ufundi unaonivutia kuliko wa kufuga kwa pipa la chakula, kwa sababu hapa maarifa yote yamo katika kujua wapi na lini.

Eneo lenyewe limebarikiwa. Kisiwa cha Oléron kimekaa mbele ya pwani na kuzuia mawimbi makubwa ya Atlantiki, na nyuma yake mito ya Charente na Seudre inamimina maji baridi yenye rutuba. Maji hujaa na kupwa kwa mita kadhaa. Mtu wa Pemba au Lamu angeielewa ratiba ya kazi bila kufafanuliwa: bamvua likiwa kubwa, mashamba ya chini kabisa huwa wazi kwa muda mfupi, na kila mwenye tishali huwahi huko; yakiingia maji mafu, mashamba hayo hayaonekani kabisa, na watu hubaki bandani kuchambua na kufunga. Maji yakipwa saa kumi alfajiri, basi watu wako topeni saa kumi alfajiri, taa zikiwa kwenye paji la uso.

Mambo huanza Julai. Maji yakipata joto la kutosha, chaza hutema mbegu na mayai baharini, mayai kwa mamilioni kutoka kwa jike mmoja. Viluwiluwi huelea na kuogelea kwa wiki mbili au tatu, na wengi wao huliwa. Wanaosalia huota kijiguu, hushuka chini, na hutambaa wakipapasa mahali pagumu na safi. Kiluwiluwi akiridhika hudondosha tone la saruji yake mwenyewe, hulaza gamba la kushoto juu yake, na kijiguu hunyauka. Hatatumia tena mguu maisha yake yote.

Mfugaji anachofanya ni kumtandikia mahali hapo pagumu na safi: nondo, mabomba ya plastiki yenye mikwaruzo, visahani vilivyopangwa kwenye mti, magamba ya zamani. Neno kubwa ni safi. Akiviweka mapema mno, baada ya siku chache vitavaa utando wa utelezi na viluwiluwi watavikataa. Akichelewa, watakuwa wamekwisha kufa au kuchukuliwa na mkondo. Ndiyo maana taasisi ya utafiti wa bahari ya Ufaransa, Ifremer, huchota maji majira ya kiangazi, huhesabu viluwiluwi chini ya darubini na kutoa taarifa, na wafugaji huisubiri taarifa hiyo kwa hamu. Mbegu ya asili ya Ufaransa hutoka hasa hapa na kwenye ghuba ya Arcachon, kusini yake. Wafugaji wengi wa Brittany na Normandy, ambako maji ni baridi zaidi, hununua chaza wachanga kutoka pande hizi.

Arcachon walitatua tatizo moja kwa njia ninayoiheshimu sana. Katika miaka ya 1850, Victor Coste, profesa wa Paris, alikwenda hadi ziwa la Fusaro karibu na Naples kuona jinsi Waitalia walivyowanasa chaza wachanga kwenye miti, kisha akamshawishi Mfalme Napoleon wa Tatu kwamba pwani za Ufaransa, zilizokuwa zimevuliwa mpaka zikakauka, zingeweza kupandwa upya. Vigae vya paa vilijaribiwa, na chaza wakavipenda. Shida ilikuwa kuwabandua: gamba changa lilipasuka kabla ya kuachia kigae. Aliyeleta jawabu hakuwa profesa. Alikuwa mwashi, Michelet, ambaye katika miaka ya 1860 alivichovya vigae kwenye chokaa iliyochanganywa na mchanga. Chaza hugandamana na chokaa, na chokaa hukwanguka kirahisi. Mpaka leo vigae vyeupe vilivyopangwa kwa safu huonekana Arcachon kila kiangazi, na mwanasayansi hajapata dawa bora kuliko ya yule fundi ujenzi.

Baada ya kubanduliwa, chaza huingia kwenye mifuko bapa ya wavu mgumu wa plastiki, matundu ya milimita chache kwa wadogo, na huhamishiwa mifuko yenye matundu makubwa zaidi kadiri wanavyokua. Mifuko hufungwa kwa mipira juu ya meza za chuma zilizosimikwa pwani, juu ya tope na mbali kidogo na kaa, viti vya pweza na konokono wanaotoboa magamba. Kisha huja kazi ambayo mpita njia hawezi kuielewa: kila baada ya muda, mtu hupita meza kwa meza, huushika mfuko wenye uzito wa kilo kumi na zaidi, huutikisa, huupiga, na kuupindua. Mfuko baada ya mfuko, maelfu kwa maelfu, kabla maji hayajarudi.

Mtazame chaza mmoja kwa karibu na sababu itaonekana. Ukingoni mwa gamba lake kuna utepe mpya, mweupe au wa zambarau, mwembamba kama ganda la kitunguu, unaokatika kwa ukucha. Hapo ndipo anapokulia. Akiachwa tu, atatanua utepe huo siku hadi siku na kuwa mrefu, bapa, mwenye gamba dhaifu na nyama kidogo, tena atashikamana na jirani zake mpaka mfuko uwe bonge moja. Akitikiswa, utepe huvunjika. Akivunjiwa mara kwa mara hulazimika kuongeza gamba kwa unene na kina, na umbo la bakuli linajitengeneza. Lile bakuli la kupendeza analolipa mlaji wa Paris limechongwa na mkono uliotikisa mfuko kwa miaka miwili, na hakuna chombo kingine kilichotumika.

Chaza huyu anayefugwa leo si mwenyeji. Mwenyeji ni chaza bapa wa Ulaya. Mwaka 1868 meli iliyoitwa Morlaisien, ikiwa na shehena ya chaza kutoka Ureno, ilijihifadhi na dhoruba katika mlango wa mto Gironde. Shehena ikaanza kunuka, nahodha akaamuru itupwe. Baadhi walikuwa hai, wakazaana, wakaenea. Uchunguzi wa jenetiki umeonyesha kwamba huyo chaza wa Kireno asili yake ni Asia, na inaelekea alifika Ulaya amejishikiza kwenye meli za Wareno za karne ya 16, meli za safari zile zile zilizopita pwani yetu. Maradhi ya miaka ya 1920 yalipofyeka chaza bapa, yeye ndiye aliyewaokoa wafugaji. Kisha kati ya mwaka 1970 na 1973 virusi vikammaliza yeye pia. Pwani nzima ilianza upya kwa chaza wa Japani, wengine wakiletwa kwa ndege kutoka huko na wengine kutoka British Columbia, Kanada. Mwaka 2008 virusi vya jamii ya hepesi vikageukia wachanga wa huyu wa tatu, na kuna mashamba yaliyopoteza zaidi ya nusu ya wachanga wao katika kiangazi kimoja. Wafugaji walijibu kwa kutandika vitu vingi zaidi na kunasa wachanga wengi zaidi, wakikubali kwamba sehemu kubwa itakufa.

Wapo waliochagua njia nyingine: kununua mbegu ya maabara, chaza wenye seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Hawa karibu hawazai kabisa, hivyo kiangazi hawajai mbegu ya maziwa, na hukua haraka. Biashara inawapenda. Mimi niko upande wa wanaosubiri mbegu ya bahari. Anayenunua mbegu ya maabara hana budi kuinunua tena kila mwaka, na mtu aliyeacha kuusoma mwezi wa Julai ameacha nusu ya kazi yake mikononi mwa muuzaji.

Uhamisho wa mwisho ndio fahari ya Marennes. Nyuma ya pwani kuna mashamba ya chumvi ya zamani, mabwawa ya udongo wa mfinyanzi yenye kina kifupi, ambayo wenyewe huyaita claires. Chumvi ilipokosa bei, chaza wakaingia. Maji humo hubadilishwa hasa wakati wa bamvua, kupitia mifereji na malango madogo. Siku nyingine hutulia, hupata jua na kuota vijimea. Kijimea kimoja, Haslea ostrearia, kina rangi ya buluu. Chaza akikichuja, buluu hiyo hushika kwenye matamvua yake, ambayo kwa asili yana umanjano, na yanageuka kijani. Kijani hicho kina chapa ya ubora ya Label Rouge tangu mwaka 1989. Hakuna anayeweza kukilazimisha. Mwenye bwawa hulikausha baada ya msimu, huliacha lipasuke nyufa kwa jua, hurekebisha kingo zake kwa koleo, hulijaza tena, na kusubiri. Bwawa la jirani, lenye udongo ule ule na maji yale yale, linaweza kugeuka kijani huku lake likibaki vile vile.

Humu idadi ndiyo kila kitu. Chaza wa kawaida wa bwawani huwekwa kilo 3 kwa mita ya mraba, wakae wiki chache, wapunguze ukali wa chumvi. Wale wa daraja la juu, pousse en claire, hawazidi 5 kwa mita ya mraba na hukaa angalau miezi 4. Bwawa zima linashikwa na chaza ambao wangetosha kona moja tu. Kwa hesabu ya mfanyabiashara wa haraka huo ni upotevu wa nafasi. Mfugaji ananunua nafasi kwa makusudi, ili kila chaza awe na maji ya kutosha, nyama ijae gamba, na ulaji uwe wa kutafuna, si wa kumeza tu.

Anachokiogopa kuliko maradhi ni majitaka. Mnyama anayechuja maji hukusanya kila kilichomo, na mashamba hupimwa kila mara: kwenye eneo la daraja A nyama kwa kawaida haipaswi kuzidi bakteria 230 wa E. coli kwa gramu 100. Mwishoni mwa Desemba 2023 mauzo ya Arcachon yalisimamishwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya virusi vya noro, baada ya mvua kubwa kuzidi uwezo wa mabomba ya miji. Wafugaji hawakuwa wamekosea chochote. Walipata hasara hiyo wakati wa sikukuu, kipindi ambacho huleta karibu nusu ya mauzo ya mwaka, na ni dhuluma ambayo miji hiyo inapaswa kulipia kwa kujenga mabomba ya kutosha.

Bandani, mizani huwagawa kwa uzito: namba 3, inayopendwa zaidi, ni gramu 66 hadi 85, na kadiri namba inavyopungua ndivyo chaza anavyokuwa mkubwa. Lakini kabla ya mizani kuna sikio. Mchambuzi hushika chaza wawili, mmoja kila mkono, na kuwagonganisha. Aliye hai amejifunga na maji yake ndani, na mlio ni mfupi, mzito, wa jiwe kwa jiwe. Aliyekufa au aliyevuja hutoa mlio wa kitu kitupu. Mzoefu hasubiri hata kuwagonganisha. Anapowamwaga mezani, husikia mmoja wa uongo katikati ya rundo na mkono wake unamwendea.

Hata kujifunga huko kumefundishwa. Chaza aliyezoea maji ya kina hufunguka ovyo akitolewa, na hukauka njiani. Kwa hiyo katika wiki za mwisho wafugaji humweka sehemu za juu za pwani, au hukausha bwawa lake kwa muda, saa chache kwanza, kisha zaidi, mpaka msuli wake uzoee kubana kila hewa inapomgusa. Halafu hupangwa kwenye kikapu cha mbao nyembamba, bakuli chini na kifuniko juu, safu juu ya safu, na kufungwa kwa kukazwa ili asipate nafasi ya kupanua mdomo. Akiwekwa mahali penye ubaridi hukaa hai siku kumi hivi bila tone la bahari zaidi ya lile alilofungia ndani. Anayemfungua hushauriwa kumwaga maji hayo ya kwanza na kusubiri dakika chache: chaza akiwa mzima hutoa mengine, safi zaidi, na hayo ndiyo ya kunywa pamoja na nyama.