U Yenye Mstari

Andika ʉmwana. Kwa Mnyakyusa wa Tukuyu au Kyela ni neno la kila siku, maana yake mtoto. Sasa keti mbele ya kompyuta yoyote ya dukani Mwanjelwa, jijini Mbeya, uitafute hiyo u yenye mstari. Haipo. Kibodi ile ilipangwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiswahili kimeenea humo kwa bahati tu, kwa kuwa irabu zetu ni tano na zote zimo. Kinyakyusa kina irabu saba. Kimalila cha Ilembo nacho saba, na Kivwanji cha Makete vilevile. Katika tahajia ya watafsiri wa Biblia, Kimalila na Kinyakyusa vinaziandika irabu mbili zilizozidi kama ɨ na ʉ.

Nimeifuata safari ya herufi hizi mbili kwa muda mrefu, na kila nikiifuata inanirudisha kwenye kazi ya fundi mmoja ambaye shida yake ilikuwa lugha nyingine kabisa. Mwaka 1993 Marc Durdin aliandika programu iliyoitwa Keyman ili Kilao, lugha ya Laos, kiandikike kwenye Windows. Lugha moja, shida moja. Programu ya namna hiyo ingeweza kuishia hapohapo: kitufe hiki kitoe herufi hii, basi, kazi imekwisha. Keyman ilikua vingine kwa sababu injini yake ilitengwa na kanuni za lugha.

Seremala wa Mafinga, aliyezoea mbao za Sao Hill, akitaka kulijua kabati huanza na viungo. Kiungo cha Keyman ni hapo injini inapokutana na kanuni. Injini yenyewe haijui Kilao wala Kimalila. Inachojua ni kufuata kanuni zilizoandikwa katika faili la maandishi ya kawaida, kila kanuni na mstari wake: kwanza kile kilichokwisha kuandikwa, kisha kitufe kilichogongwa, halafu alama ya mshale, na mwisho herufi inayotakiwa kutokea. Ukigonga alama fulani na baada yake u, itoke ʉ. Anayeijua lugha yake vizuri anaweza kuzisoma kanuni hizo, akazisahihisha na kuongeza zake, bila kugusa chochote ndani ya injini.

Ukaribie zaidi uone jinsi kazi ilivyo nyeti. Mwandishi wa kamusi akitaka kutia alama ya toni juu ya ɨ, hakuna herufi moja iliyo tayari. Kompyuta inahifadhi ɨ na alama yake kama vitu viwili vinavyofuatana, ingawa jicho linaona kimoja: ɨ́. Akigonga kitufe cha kufuta, kifutwe nini? Alama peke yake, au herufi nzima? Mwandishi wa kibodi anaweza kuliamua hilo katika kanuni zake. Akiamua vizuri, hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na uamuzi.

Mradi wa tafsiri ya Biblia wa shirika la SIL uliobeba jina la Mbeya na Iringa ulianza mwaka 2003. Jina hilo limebaki na ramani ya zamani, maana Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Mradi ulipoanza, Unicode, yaani orodha ya dunia nzima inayoipa kila herufi namba yake, ilikuwa na ʉ ndogo lakini haikuwa na Ʉ kubwa. Herufi hiyo kubwa iliingizwa mwaka 2006. Hebu fikiria lugha ambayo sentensi zake nyingi zaweza kuanza na irabu hiyo, na herufi kubwa ya kuanzia haina namba! Njia ya mkato ya enzi hizo ilikuwa kuchonga fonti na kuiba nafasi ya alama nyingine. Ukifungua waraka ulioandikwa hivyo kwenye mashine isiyo na fonti ile, unakutana na vurugu tupu.

Mwaka 2015 Keyman ilichukuliwa na SIL, baadaye ikatolewa bure na msimbo wake ukawekwa wazi. Leo ina matoleo ya Windows, Mac, Linux, iPhone, Android na kurasa za intaneti, na inahudumia lugha zaidi ya 2,000. Faili la kanuni lililoandikwa kwa ajili ya kompyuta linaweza kuhamia kwenye simu, likaongezewa mpangilio unaofaa vidole. Kando yake SIL ina ukoo mwingine wa programu za kutengenezea aplikesheni: Scripture App Builder ya maandiko, Reading App Builder ya vitabu vya kusoma, Dictionary App Builder ya kamusi, na Keyboard App Builder ya kibodi. Hii ya mwisho inatumia injini ya Keyman ndani yake, kwa hiyo koo mbili zimeoana.

Wengi watasema hatuhitaji haya yote. Ukiandika umwana kwenye WhatsApp bila mstari, jamaa zako wa Tukuyu wanakuelewa. Ni kweli, kwa salamu inatosha. Kamusi haiwezi kuishi hivyo, kwa sababu kazi yake ni kutenganisha maneno ambayo u ya kawaida ingeyachanganya. Ndiyo maana sehemu ninayoipenda kuliko zote katika ile programu ya kamusi ni ndogo sana, na wengi wanaipita bila kuitazama. Ni sehemu ya mipangilio ambapo mtayarishaji huandika alfabeti ya lugha kwa mfuatano wa wenyewe. Anaandika u, kisha ʉ. Programu inasoma, halafu inapanga maneno yote kwa mfuatano huo.