Ufunguo Kifuani: Ahadi na Utii katika Kisa cha Ngome ya Shaka

Kati ya vitabu vilivyoletwa Afrika na wamishonari sambamba na Biblia, ni vichache vilivyofasiriwa mara nyingi kama The Pilgrim's Progress cha John Bunyan, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1678. Kimetiwa katika lugha zipatazo 80 za bara hili, Kiswahili kikiwamo. Huenda umaarufu huo ndio uliokidhuru. Kitabu kinachojulikana na watu tangu utotoni hukoma kuhakikiwa; hubaki kuwa ghala la mifano ya mahubiri. Jambo hili ladhihirika hasa katika kisa cha Ngome ya Shaka, ambacho kwa kawaida hufupishwa hivi: Mkristo alifungwa, akakumbuka ahadi ya Mungu, akatoka. Muhtasari huo si wa uwongo, lakini umeiacha nje sehemu iliyo muhimu kuliko zote.

Yafaa kisa chenyewe kifuatwe hatua kwa hatua. Mkristo na mwenzake Tumaini wanachoshwa na njia yenye mawe, wanavuka ua na kushika njia laini ipitayo malishoni. Mbele yao yumo msafiri ambaye Bunyan amemwita Vain-Confidence, yaani mwenye kujitumainia bure. Giza linapoingia anatumbukia shimoni. (Hapa Kiswahili kina faida ambayo Kiingereza cha mwandishi hakina: Tumaini na huyu mwenye kujitumainia wametoka katika shina moja, na tofauti yao yote imo katika kiambishi -ji-.) Asubuhi Jitu Kata-Tamaa linawakuta wamelala katika ardhi yake, linawatia katika chumba cha giza, na humo wanakaa tangu Jumatano asubuhi hadi Jumamosi usiku bila mkate, maji wala taa. Linawapiga. Kisha linawashauri wajiue, na hata kuwatajia njia: kisu, kitanzi au sumu.

Mkristo anayumba. Ufunguo uitwao Ahadi umo kifuani mwake wakati huo huo, lakini haukumbuki. Tumaini, ambaye hana ufunguo wowote, ndiye anayemzuia. Na inafaa izingatiwe kwamba anaanza na amri. Bwana wa nchi waiendeayo amekataza kuua, na ajiuaye huua. Hoja zake nyingine ni za kawaida mno: pengine Jitu litakufa, pengine litasahau kufunga mlango, pengine litapatwa tena na ule ugonjwa unaolegeza mkono wake jua linapowaka. Basi kilichowaweka hai wafungwa hawa mpaka Jumamosi ni utii kwa amri ambayo, humo gizani, hawakuona faida yake. Utii umeitangulia ahadi. Kama Mkristo angefuata huzuni yake siku ile, ufunguo ungeozea shimoni pamoja naye.

Kwa msomaji wa Kiswahili neno ahadi lina uzito wake wa pekee. Wahenga walisema ahadi ni deni, na kwa hiyo aliyeahidiwa huwa mdai. Je, aaminiye ni mdai wa Mungu? Wako wahubiri wengi siku hizi wanaomfundisha muumini adai ahadi zake kana kwamba anakwenda dukani na hati mkononi. Bunyan hakuelekea huko. Wafungwa wake wanaanza kuomba karibu na usiku wa manane na kuendelea hadi karibu na mapambazuko, wala mtunzi hakuyaandika maneno ya maombi yao. Baada ya hapo tu ndipo Mkristo akumbukapo, na jambo la kwanza analofanya ni kujiita mpumbavu. Hamlaumu Mungu kwa kukawia, wala hajisifu kwa kuupata ufunguo. Deni likiwapo, ni la kusahau kwake mwenyewe.

Ni kwa sababu hii kwamba jina la mke wa Jitu, ambaye ndiye mshauri wa ukatili wote, lahitaji mfasiri mwangalifu. Bunyan amemwita Diffidence. Leo neno hilo hutumiwa kwa mtu mwenye haya, asiyejikweza. Katika karne ya 17 lilikuwa na maana ya kutosadiki. Mfasiri atakayelichukua kwa maana ya leo ataandika Haya au Soni, na kwa kalamu yake mwenyewe ataligeuza adili linaloheshimiwa sana na Waswahili kuwa mke wa jitu. Hilo si kosa dogo. Unyenyekevu na kutosadiki vitakuwa kitu kimoja, hali kisa kizima kimejengwa ili kuvitenganisha. Hana-Imani lingekuwa jina bora zaidi, maana katika Kiswahili asiye na imani ni yule asiyesadiki, na pia ni yule asiye na huruma. Jina hilo lingewafaa mke na mume.

Kosa kama hilo lilitendeka nje ya vitabu pia. Katika shule nyingi za misheni wakati wa ukoloni, unyenyekevu wa Kikristo ulifundishwa kana kwamba ni kumtii mwenye mamlaka bila swali. Ni ajabu kwamba Bunyan alitumiwa katika kazi hiyo. Fundi huyu wa kuziba masufuria alitiwa gerezani mjini Bedford mwaka 1660 kwa kuhubiri bila idhini, akakaa humo hadi 1672. Mlango wake haukuwa na kitasa kigumu: angetoa ahadi kwamba hatahubiri tena, angeachiliwa. Alikataa. Mtu aliyekataa kutoka gerezani kwa kutoa ahadi ndiye aliyetunga kisa cha watu waliotoka gerezani kwa ahadi waliyopewa. Mhakiki asiyeuona uhusiano huo amesoma nusu ya istiari, na mwalimu aliyeuficha hakufundisha utii ambao Bunyan alikaa gerezani kwa ajili yake.

Yaweza kudaiwa kwamba ufunguo ni hila ya mtunzi aliyekwama, kwani haukuonekana ukitumiwa kabla ya hapo na unatokea saa ya mwisho. Dai hili lina nguvu kiasi. Msomaji angependa kuuona ufunguo huo mapema. Hata hivyo, Bunyan hakuufanya ufungue kwa urahisi. Mlango wa chumba wafunguka mara moja, na ule wa uani pia, lakini kitasa cha lango la chuma ni kigumu sana, na lango linalia kiasi cha kuliamsha Jitu.

Sehemu ya pili ya kitabu, iliyotoka mwaka 1684, ni dhaifu zaidi katika jambo hili. Ngome ile ile inarudiwa, lakini safari hii shujaa Great-heart analiua Jitu kwa upanga, ngome inabomolewa kwa siku 7, na kichwa cha Jitu chatundikwa karibu na nguzo ambayo Mkristo na Tumaini waliisimamisha ili kuwaonya wasafiri wengine. Ni mapigano ya kusisimua. Hamna tena mtu aliyeketi gizani akiwa na ufunguo asioukumbuka, wala mwenzake anayemkumbusha amri.