Mgeni wa Dawati la Nyuma

Kwa walimu waliofundisha enzi za ukaguzi, mgeni mwenye jalada mkononi aliitia shule nzima kiwewe. Maandalio ya somo yalikamilishwa mbiombio, na mwalimu akachagua kurudia mada ya juzi ili wanafunzi wajibu bila kukwama. Mgeni aliketi, akaorodhesha kasoro, akaaga. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 ilimpa mkaguzi mamlaka ya kuingia shuleni, lakini mamlaka hayamfundishi mtu kutazama. Kutazama somo na kumrudishia mwalimu kitu cha kumfaa ni ufundi, nami nausifu kwa moyo wote.

Uhitaji wake unaonekana wazi Tunduma, mji wa mpakani. Malori yanapanga foleni kuelekea Nakonde, upande wa Zambia, Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka, na watoto huhama shule kwa kufuata biashara za wazazi. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, mwaka uleule Mkoa wa Songwe, wenye mji huu, ulipomegwa kutoka Mbeya, watoto walimiminika shuleni nchi nzima. Mbele ya darasa lililojaa, mwalimu hodari hawezi kuliona kila daftari. Anahitaji mwenzake wa kumwonea asichokiona.

Chukua kipindi cha hisabati, darasa la pili. Ubaoni pameandikwa 52 kutoa 27. Mwalimu anaeleza vizuri, mwandiko wake umenyooka, sauti yake inazishinda honi za barabarani. Anauliza, "Tumeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Anaendelea. Kule nyuma kabisa, mtoto ameandika 35. Jirani yake naye 35. Hawakubahatisha. Kwenye mamoja wamechukua 7 wakatoa 2, kwa kuwa walifundishwa kwamba namba ndogo ndiyo hutolewa kwenye kubwa. Kosa lao lina hoja ndani yake, ila aliyesimama ubaoni halioni.

Mtazamaji asiyeiva angeandika, "Ushirikishwaji wa wanafunzi ni hafifu. Boresha." Mwalimu aanzie wapi na maneno hayo? Aliyeiva huandika kilichotokea: "'Tumeelewa?' imeulizwa mara nne, wote wameitikia ndiyo. Dawati la mwisho: 35, 35." Basi. Hajasifu wala hajalaumu. Neno "hafifu" linaweza kuzua ubishi wa mchana kutwa, lakini 35 iliyomo daftarini haina wa kuibishia.

Baada ya kipindi wanakaa wawili faragha, si mbele ya wenzao. Mtazamaji anauliza kwanza: "Mwalimu, kipindi umekionaje?" Kisha ananyamaza, na kunyamaza huko ni nusu ya kazi. Baadaye anafungua daftari lake: "Hii 35, unadhani wameipataje?" Mwalimu anaitazama, anahesabu kwa kidole, halafu anasema mwenyewe: "Kumbe wanageuza! Wanatoa ya juu kwenye ya chini." Hapo hahitaji kuambiwa alipokosea. Wanakubaliana jambo moja tu: kesho kila kundi liwe na vijiti vilivyofungwa kumikumi, mtoto afungue fungu moja kabla ya kutoa, na mwalimu afike dawati la mwisho kabla ya kuendelea. Wanapanga na siku ya kutazama tena, kwa sababu ushauri usiofuatiliwa huishia kwenye jalada.

Utaratibu huo una historia ndefu. Mwaka 1969, nchini Marekani, kitabu cha Robert Goldhammer kiliupanga kwa hatua: mazungumzo kabla ya somo, kutazama, kuchambua, kisha kukaa na mwalimu. Japani walimu huandaa somo pamoja, mmoja akafundisha huku wengine wakiwafuatilia wanafunzi. Kwetu, ukaguzi umegeuzwa kuwa uthibiti ubora, na Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, yanawakutanisha walimu shuleni kwao wajadili ufundishaji wao. Kwa hiyo nafasi ipo, hata katika wilaya za Songwe: Mbozi, Ileje na Momba. Kinachobaki ni mikono ya kuitumia.

Ninachokithamini zaidi katika ufundi huu ni adabu yake. Fikiria mtaaluma kijana, yaani mwalimu anayesimamia taaluma shuleni, aliyetumwa kumtazama mwalimu aliyeshika chaki tangu yeye hajazaliwa. Ameingia kwa shikamoo. Atatokaje kwa "umekosea"? Wengi hukwepa: wanasema "somo zuri sana, mwalimu," na wale watoto wa nyuma wanabaki na 35 yao. Ushahidi ulioandikwa kwa uaminifu humwokoa kijana huyo. Unamwezesha kusema kweli bila kumvunjia heshima mkubwa, maana wote wawili wameinamia daftari la mtoto, na swali ni la mtoto. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Darasani, mwenyeji hupona kwa mgeni anayeona na kunena kwa staha.

Ufundi huu hauishii kwenye semina wala kwenye fomu. Hujengwa kwa kutazamwa. Kwa hiyo mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata au mtaaluma anayetaka kuketi dawati la nyuma la mwenzake, na ashike chaki kwanza, afundishe kipindi kizima huku walimu wake wakiandika, kisha akae awasikilize. Akiweza kuipokea 35 ya darasa lake mwenyewe, atajua namna ya kuipeleka kwa wengine.