Heko kwa Mabibi wa Taarabu

Washairi wa pwani wamezoea kumsifu mwanamke kwa mwezi: uso mwezi wa kumi na nne, na yamekwisha. Sifa tamu, ila msifiwa hasemi neno. Heko, basi, kwa mabibi wa taarabu wa Unguja waliosema. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alirekodi santuri Bombay mwaka 1928. Akaimba hata kisa cha mwanamke aliyeuawa, haki yake ikapotea mahakamani. Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliziendeleza nyimbo za Siti, na kwenye unyago akapiga ngoma akiwafunda wari mambo ya hedhi na unyumba. Huo nao ni mwezi, ingawa malenga wengi wanaume wameukwepa.