Magurudumu Mapya katika Pikipiki Kongwe: Hukumu ya Ekseli

Pikipiki ya Honda CB750, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969 ikiwa na injini ya silinda nne yenye ujazo wa cc 736 na breki ya diski mbele, ilikuwa katika zama zake kitu cha kustaajabiwa. Lakini injini ile, ambayo hata leo haioni haya mbele ya nyingi zilizozaliwa baada yake, ilibebwa na magurudumu ya spoki, la mbele la inchi 19 na la nyuma la inchi 18, yenye tairi nyembamba za kizazi kilichokwisha pita. Ndiyo sababu baadhi ya wenye pikipiki hizo wamezoea kuyavua magurudumu ya asili na kuzivika yale ya inchi 17, ya aloi ya kusubu, yatokanayo na pikipiki za michezo za miaka ya 1990 na baadaye. Picha za kazi hizo hupendeza mno. Makusudio ya makala haya ni kuchunguza jambo lisiloonekana katika picha, nalo ni ekseli, yaani ule mhimili wa chuma upitao katikati ya kitovu cha gurudumu. Kwani uzuri na ubaya wa kazi nzima umo humo.

Tuanze na vipimo. Ekseli ya mbele ya CB750 ina kipenyo cha milimita 15, nayo hupita katika beringi mbili za namba 6302, ilhali magurudumu mapya aghalabu hutaka ekseli ya milimita 20, au hata 25, iliyo wazi ndani. Fundi asiye na subira, akiona ekseli mpya haiingii katika vishikio vya chini ya uma wa zamani, huchukua tupa akavipanua; na hapo huwa amekwisha kiharibu kitu kisichotengenezeka, kwa maana vishikio vile ni vya aluminiamu, vipande viwili vilivyobanwa kwa nati ndogo, na kila nusu ikipunguzwa milimita 2.5 haiaminiki tena mbele ya shimo la barabarani. Fundi mwenye elimu hufanya kinyume: huiacha ekseli ya zamani pamoja na uma wake, akabadilisha beringi. Tarakimu mbili za mwisho katika namba ya beringi za aina hii hueleza tundu lake: 02 ni milimita 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 huzidishwa kwa tano, basi 04 ni 20. Sasa beringi 6004 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje 42 na upana 12. Nayo 6302 ina tundu la 15, kipenyo cha nje kilekile cha 42, na upana 13. Maana yake, gurudumu lililoundwa kwa ajili ya 6004 hupokea 6302 pasipo kitovu chake kuchongwa hata kidogo, na beringi hiyo, kwa kuwa gololi zake ni kubwa zaidi, huchukua mzigo mzito kuliko ile iliyotolewa. Wala si adimu. Muuza vipuri wa Kirinyaga Road mjini Nairobi, au wa Gerezani mjini Dar es Salaam, akitajiwa namba hiyo haulizi mara ya pili.

Lakini ile milimita moja ya upana isidharauliwe. Beringi mpya hujitokeza kwa nje milimita moja kila upande, kwa hiyo bushi za pembeni hupunguzwa kwa kiasi hichohicho, na mahali pa sili ya kuzuia vumbi na maji hukaguliwa upya. Kubwa kuliko hayo ni bomba la kati, linalokaa ndani ya kitovu baina ya beringi mbili, ambalo mwenye pikipiki huenda asilione maisha yake yote. Nati ya ekseli inapokazwa, nguvu yake hupita katika bushi, ikaingia katika duara la ndani la beringi, ikasafiri kwa bomba hili hadi beringi ya pili. Bomba likiwa fupi, maduara ya ndani huvutwa kuelekeana, gololi zikasukumwa ubavuni mahali ambapo hazikuumbiwa kubeba, na gurudumu likiinuliwa na kuzungushwa kwa mkono huwa zito, kisha husimama mapema. Likiwa refu kupita kiasi, beringi moja haifiki mwisho wa kiti chake, na gurudumu hucheza. Bomba sahihi huwa na urefu wa nafasi iliyopo baina ya viti viwili, na ziada isiyozidi moja ya kumi ya milimita. Kwa hiyo mkerezaji hutengeneza bomba jipya, lenye tundu la milimita 15 badala ya 20, ncha zake mbili zikiwa sambamba kabisa, naye hupima kwa maikromita wala si kwa rula. Kazi hii haina mtazamaji, na kwangu mimi ndiyo inayomtenga fundi na mbadilishaji wa vifaa.

Baada ya kuusifu ustadi huo, yanipasa niseme kwamba njia yenyewe hainiridhishi. Uwezo wa ekseli kukataa kupinda hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Ekseli ya milimita 20 yenye uwazi wa milimita 12 ndani yake, ikilinganishwa na ile ya milimita 15 isiyo na uwazi, huwa ngumu kupinda mara 2.75, na uzito wake, kwa urefu uleule, huzidi kwa asilimia 14 tu. Tairi ya kisasa inayoshika lami kwa nguvu, pamoja na diski mbili kubwa za breki, huusokota uma kwa nguvu ambayo wahandisi wa 1969 hawakuitazamia. Na kuurudishia mzigo huo mhimili mwembamba ni kununua gurudumu la zama mpya na kukiacha nje kile kilicholifanya liwe imara.

Kisha kuna mwenendo wa usukani. Tairi ya asili ya 3.25-19 ina kipenyo cha takriban milimita 648, na ile ya 120/70-17 ina 600. Hivyo ekseli ya mbele hushuka milimita 24. Katika CB750 shingo ya usukani imelala nyuzi 27, na baina ya nukta ambapo mstari wa shingo hugonga ardhi na nukta ambapo tairi huigusa kuna milimita 95, umbali ambao ndio unaolirudisha gurudumu katika mstari wake. Gurudumu dogo katika uma uleule huupunguza umbali huo hadi milimita 83 hivi, na pikipiki huwa nyepesi ya kugeuka kuliko inavyopasa katika mwendo wa kasi. Uma mpya ukihamishwa wote pamoja na vishikio vyake vya juu, ambavyo huuweka mbele ya shingo kwa milimita 30 hivi, badala ya 60 na kitu za zamani, hesabu hugeuka: kwa nyuzi 27 umbali hufika 119, na shingo ikisimama hadi nyuzi 25 kwa sababu uma mpya ni mfupi, hutulia karibu na 107. Hilo ni jambo la kuvumilika. Kinachobaki ni kuihamisha nguzo ya shingo ya zamani katika kishikio kipya, na kuzibadili zile gololi huru za shingo kwa beringi za rola.

Nyuma tamaa ni mbaya zaidi. Wengi hutaka tairi ya milimita 180, ambayo huenea 90 kila upande wa mstari wa kati, ilhali ile ya 4.00-18 ilienea 51 hivi. Mnyororo basi husukumwa nje, sproketi ya mbele nayo ikafuatishwa, na shafti ya gia ikabeba mzigo mbali na beringi yake. Tairi ya 160 yatosha sana kwa injini hii, nayo huufupisha mwendo wa gia kwa asilimia tano au zaidi kidogo. Kwa kuwa breki ya drami imeondoka, kishikio cha kalipa mpya hakina budi kupata upau wa kukizuia kisizunguke. Gurudumu likishakaa, mafundi hunyosha nyuzi mbili, kila upande mmoja, kutoka tairi ya nyuma hadi ya mbele, wakapima nafasi kulia na kushoto. Zikitofautiana, bushi hurudi kwenye kerezo.

Mita ya mwendo, iliyokuwa ikiendeshwa kwa kebo kutoka kitovu cha mbele, haitakuwa na mahali pa kushika tena. Itafutwe ya umeme.

Basi hukumu yangu ni hii: gurudumu la mbele lije na ekseli yake, uma wake na vishikio vyake, au lisije kabisa, na la nyuma liwe jembamba kiasi ambacho mnyororo utapita pale ulipokuwa. Msomaji anayekusudia kazi hii na apime ekseli, viti vya beringi na nafasi ya mnyororo kabla ya kulipa fedha, si baada.